Nilipokaa Chini Langoni

Mliponiaga pale klabuni Hayes mlinipa daftari jipya na kalamu, mkasema, "Dada Rukia, tuandikie." Haya, nimeandika. Habari za vikombe msizitafute humu. Viko kwenye kabati la kioo karibu na mlango, na aliyevipanga ameviwekea majina vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Za mikataba na malipo nazo nimeziacha, maana hazikumfundisha kipa yeyote kusimama mbele ya mtu anayepiga mpira kutoka hatua tano. Nitaandika nilivyoanza, nani alinifundisha, cha kubeba kwenye begi, na siku ile ambayo watu bado wananong'ona nikipita. Hiyo nataka niieleze kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimechoka kuisikia kwa midomo ya wengine.

Nilikuja London nina miaka kumi na sita, nikitokea Tanga, kumfuata mama aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Ilford. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani: ningeweza kukueleza mvua inavyotengenezeka, ila si kukuuliza choo kiko wapi. Wiki ya kwanza chuoni mwalimu wa michezo alitupanga ukumbini, akawa anamuuliza kila mtu anacheza nafasi gani. Tanga nilikuwa mchezaji wa netiboli, mlinzi wa goli, na kwenye kizibao changu ziliandikwa herufi mbili tu: GK. Zamu yangu ilipofika nikasema, "GK." Mwalimu akafurahi sana, nadhani kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka nafasi hiyo, akanionyesha goli la nyavu lililokuwa mwisho wa ukumbi. Nilikwenda nikishangaa, mbona huku pete wameishusha mpaka chini.

Mpira wa kwanza ulinipiga usoni. Wa pili ulinipiga usoni pia, lakini huo niliuona ukija.

Kwa ndugu zangu wa Tanga watakaosoma haya: huu ni mpira wa miguu wa ndani, ambao huku wanauita futsal. Ni watano kwa watano juu ya sakafu ya mbao, na mpira wenyewe ni mdogo, mzito, haudundi sana. Goli lina upana wa mita tatu na kimo cha mita mbili. Kipa akiushika mpira upande wake ana sekunde nne za kuutoa, na refa humhesabia kwa vidole mbele ya watu kama mtoto anayefundishwa namba. Huna muda wa kupumzika, wala wa kumlaumu beki.

Katika ukumbi ule ule ilikuwa ikifanya mazoezi timu moja ya mtaa, na makipa wao walifundishwa na Singasinga mmoja mzee, mzaliwa wa Nairobi, mwenye duka la misumari na makufuli huko Tooting, kusini mwa London. Alikuwa kipa wa hoki enzi za ujana wake. Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri zamu ya watu wake, akaniona nikipigwa. Nilipotoka kunywa maji akaniita kwa Kiswahili, nikashtuka karibu niangushe chupa.

"Wewe mtoto ya wapi?"

"Tanga, mzee."

"Tanga! Mimi najua Tanga. Sisi napiga nyinyi hoki huko, tatu bila." Akanitazama pua iliyovimba. "Kwa nini nafunga macho?"

"Mpira unauma, mzee."

"Hata ukifunga macho, nauma. Sasa fungua, uone nani naumiza wewe."

Huyo ndiye Mwalimu Harjit. Karibu yote mliyoyaona nikiyafanya langoni yalitoka kwake. Jumamosi mchana nilipanda treni mpaka Tooting, na katika uwanja mdogo nyuma ya duka lake, kati ya ngazi za chuma na mapipa ya rangi, alinipa taulo nilishike ncha zote mbili nyuma ya mgongo, nisiweze kutumia mikono. Kisha akanipigia mipira. Nilijifunza kuzuia kwa kifua, kwa paja, kwa ugoko, kwa bega. "Mkono iko mwisho," alikuwa akisema. "Mwili kwanza. Mkono ni msaidizi tu." Alinifundisha kutoka golini kwa hatua mbili za haraka, goti moja chini, jingine limesimama, mikono wazi, kifua mbele, ili mshambuliaji asione goli bali anione mimi. Kuruka ruka hakukupenda. Kipa anayeruka, kwake yeye, ni kipa aliyechelewa kufika.

Mama hakufurahi. Aliniona nikipaka barafu kwenye ugoko jikoni akasema, "Nimekuleta huku usome, Rukia, si upigwe mipira na watoto wa watu." Nikamwambia nasoma na napigwa, vyote viwili. Siku nne baadaye nilikuta ameninunulia soksi ndefu za sufu, nene, za wazee wake wa kazini. Nilizivaa misimu miwili.

Sasa ya begi. Glavu nene achaneni nazo. Zinazuia vizuri lakini zinaharibu kurusha, na katika mchezo huu shambulio linaanzia mkononi mwako. Beba plasta ya kufungia vidole, roli mbili, kwa sababu mwenzako atakuomba moja na hatarudisha. Pedi za magoti vaeni ndani ya suruali. Beba kitambaa chenye unyevu wa kufutia soli za viatu, kwa sababu vumbi la ukumbini linakuibia hatua. Kucha zikatwe siku moja kabla ya mechi, si asubuhi yake. Na beba soksi safi za ziada, kavu kabisa. Nitaeleza baadaye za nini.

Nilipofika miaka ishirini na mbili, klabu moja ya mashariki mwa London ilinichukua, na kuanzia hapo kudaka mipira kukawa kazi yangu. Beki wangu mkubwa pale alikuwa Dorcas, Mkenya kutoka Kakamega, nesi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alikuwa akibadilishana zamu hospitalini ili awahi mechi, na mara nyingine alifika na kalamu bado iko nyweleni. Tulicheza pamoja misimu sita. Tulizungumza Kiswahili uwanjani na wapinzani hawakutuelewa, ingawa na wenzetu nao hawakutuelewa, jambo ambalo kocha alilitaja zaidi ya mara moja. Akisema "Mpe ukuta!" nilijua anaziba kushoto, nami nichukue kulia. Hatukuhitaji kutazamana.

Kulikuwa na mshambuliaji mmoja wa timu ya kusini, mwembamba, mpole ajabu nje ya uwanja, aliyepiga kwa ncha ya kiatu bila kuuvuta mguu nyuma. Hakuna dalili yoyote, unashtukia mpira umeshafika. Alinifunga mara nne katika mechi moja. Niliomba nipewe picha za mechi zake, nikazitazama mpaka mama akaizima televisheni mwenyewe. Niligundua anavuta pumzi na kuinua kidevu kabla ya kupiga. Msimu uliofuata nilikitazama kidevu chake tu, na alinifunga mara moja. Hiyo moja alipiga akiwa na mafua.

Sasa nifike pale mnapopangoja.

Kulikuwa na ukumbi mmoja kaskazini mwa jiji, siutaji, ambao paa lake lilivuja mvua ikinyesha. Kila mtu alijua. Kuna kijana alikaa pembeni na ufagio wa maji, mpira ukisimama anakimbia anafuta, anarudi. Mechi moja pale Dorcas alikuwa anarudi kuziba, mbele yangu, hatua nne hivi. Mguu wake wa kulia ulikanyaga tone moja la maji. Moja tu. Mguu ukaenda, mwili ukabaki. Niliusikia ule mlio wa goti kabla sijamsikia yeye. Nilimshika mkono mpaka wahudumu wa afya walipofika, naye, nesi, akawa anawaelekeza jinsi ya kumfunga. Alifanyiwa upasuaji mara mbili. Hakucheza tena. Mpaka leo ngazi anazishuka moja moja, mkono kwenye reli.

Klabu ikasema ni bahati mbaya. Maua yakapelekwa hospitalini.

Msimu uliofuata tukafika nusu fainali, na ratiba ikatupeleka ukumbi ule ule. Ilikuwa Jumapili mchana, mvua imeanza tangu asubuhi. Wakati wa kupasha misuli nikaona tone likidondoka mbele ya goli langu, karibu mahali alipoanguka Dorcas. Nikahesabu kumi, likadondoka jingine. Nikamwendea refa. Akaja, akasugua kiatu chake sakafuni, akasema panachezeka, wafutaji wapo. Nikamwendea meneja wetu, Keith, mtu mrefu aliyevaa suti hata kwenye mazoezi.

"Keith, hapa ndipo alipovunjikia Dorcas. Panavuja tena."

"Refa amepapitisha."

"Tuombe nusu saa, wazibe. Au tuhamie ukumbi mwingine."

"Kamera zimeshawashwa, Rukia. Wadhamini wamekaa. Nenda golini."

Nikaenda golini. Wenzangu wakajipanga. Nikalitazama lile tone likianguka, likatawanyika, likang'aa chini ya taa. Filimbi ilipokaribia kulia nikakaa chini. Nilikaa kwenye mstari wa goli, miguu nimeikunja kama niko kwenye mkeka nyumbani, mikono mapajani.

Sikuwa nimepanga. Watu wengi wamesema nilipanga. Ningekuwa nimepanga ningevaa suruali nene zaidi, ile sakafu ilikuwa baridi.

Mwanzoni watu walidhani nafunga kamba za viatu. Shanice, nahodha wetu, akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Inuka, Rukia. Tafadhali. Tumefanya kazi mwaka mzima kwa ajili ya leo."

"Najua. Nitainuka paa likizibwa."

"Na wasipoziba?"

"Nitakuwa hapa."

Keith alivuka uwanja mzima kwa viatu vyake vya ngozi, jambo ambalo haliruhusiwi, akainama mpaka nikanusa kahawa yake. "Ukiendelea kukaa hapo sekunde moja zaidi, umemaliza na klabu hii."

"Basi nimemaliza nikiwa nimekaa," nikamwambia. "Lakini hapa sisimami kuangalia mwingine akivunjika."

Wakamwita Aneta, kipa wa pili, msichana wa Kipolandi aliyekuwa na miezi michache tu pale. Alikuja amejaa wekundu usoni. Akaninong'oneza, "Mkataba wangu ni wa miezi sita tu, Rukia." Nikamwambia, "Najua. Cheza. Toka mapema kwenye goli, usikanyage pale katikati." Nikainuka, kwa sababu lango sasa lilikuwa lake, na nisingemdhalilisha mtu asiye na kosa. Nikatembea mpaka vyumba vya kubadilishia nguo. Baadhi ya watu walizomea. Mmoja alipiga makofi, sikumjua ni nani.

Mechi ikachezwa. Timu yetu ikashinda. Na hakuna aliyeanguka.

Hilo nataka mlisome mara mbili, kwa sababu ndilo ninalotupiwa kila siku. Hakuna aliyeteleza hata kidogo. Nilikaa kwenye benchi peke yangu, plasta bado iko vidoleni, nikasikia shangwe zikipita ukutani, na nakiri niliona aibu, tena aibu ya kuunguza masikio. Lakini niliporudisha akili zangu nikajiuliza: ile sakafu ilikuwa kavu? Haikuwa. Basi. Watu wakivuka barabara wamefumba macho na wasigongwe, barabara haijawa uwanja wa kuchezea.

Keith aliniita ofisini Jumatano. Barua ilikuwa imeshaandikwa: naiomba radhi timu, naomba radhi wadhamini, najutia kitendo changu. Nikitia saini, narudi baada ya mechi mbili. Nikamuuliza Dorcas ameandikiwa barua gani. Akasema hayo ni mambo mengine. Nikaiacha barua mezani. Mkataba ulipokwisha hawakuuendeleza, na wale waliokuwa wakiniita dada wakaanza kuwa na haraka wakiniona sokoni Ilford.

Dorcas mwenyewe alinikasirikia. Nilidhani atanikumbatia. Alinipigia simu akaja juu, "Wewe Rukia, nani alikutuma? Goti langu si bendera yako! Sasa kila mtu ananiuliza kama ni mimi nilikuambia ukae. Mimi nataka kusahau, wewe unanikalisha kwenye runinga!" Nikamwambia sikukaa kwa ajili yake, nilikaa kwa ajili ya atakayefuata. Akanikatia simu. Tulikaa karibu mwaka bila kusalimiana, na hilo liliniuma kuliko la Keith.

Mwalimu Harjit alikuja mwenyewe kutoka Tooting, na fimbo yake, akaketi sebuleni kwetu, akanywa vikombe viwili vya chai. Kisha akasema, "Mimi ningecheza."

Nikainamisha kichwa.

"Mimi nacheza kila mahali. Mvua, matope, kokoto. Hakuna siku mimi nakataa." Akajaribu kuinuka, akashindwa, nikamshika kwapa. "Ndiyo sababu sasa nashuka ngazi kinyumenyume kama mtoto. Wewe usifanye kama mimi."

Mama alikuwa akikunja nguo muda wote. Mgeni alipoondoka akaniuliza swali moja tu.

"Sakafu ilikuwa imelowa au haikulowa?"

"Ililowa, mama."

"Kazini kwangu sakafu ikilowa tunasimamisha kibao cha njano, hata bibi wa miaka tisini hapiti mpaka ikauke. Nyinyi mnapiga mbio juu yake, halafu mwenye makosa ni aliyekaa?" Akanitupia taulo la kukunja. "Endelea kukaa."

Nilikaa miezi minane bila timu. Nilipanga vifurushi kwenye bohari karibu na uwanja wa ndege, na jioni nikapiga mpira ukutani. Ndipo timu yenu ya Hayes iliponiita. Ukumbi wenyewe ulikuwa bohari pia, lililopakwa rangi, na wenzangu walikuja wakitoka kubeba mizigo, wengine wakiwa na vizibao vya kung'aa. Kutoka Ilford nilipanda treni upande mmoja wa jiji nikashuka upande mwingine, misimu tisa. Watu walisema kipa aliyefukuzwa kwa ukaidi hatadumu. Nilidumu mpaka waliosema hivyo wakastaafu kabla yangu.

Na zile soksi kavu: hapo ndipo zilipoanzia. Kabla ya kila mechi, nyumbani au ugenini, nilivua viatu nikatembea uwanja mzima kwa soksi safi, polepole, kona hadi kona. Jicho linadanganywa na taa, lakini unyayo wenye soksi unaujua unyevu papo hapo. Marefa wengine walikereka. Mmoja aliniuliza, "Unatafuta nini?"

"Maji."

"Ukiyapata?"

"Nitakaa."

Mara mbili niliyapata, na mara zote mbili walihangaika na ndoo na vitambaa wakakausha kabla sijakunja goti. Kumbe inawezekana. Ilihitaji tu waamini kwamba nitakaa kweli. Nanyi mmeanza kutembea kwa soksi, nimewaona. Msiache kwa sababu ya kuchekwa.

Mechi yangu ya mwisho mliiona. Kocha alitaka nitoke wakati wa mapumziko, nipewe maua, kipindi cha pili acheze mwingine. Nikayapokea maua, nikayaweka nyuma ya nyavu, nikarudi langoni. Tulifungwa matatu kwa mawili na goli la mwisho lilipita katikati ya miguu yangu. Ni langu, silikatai. Afadhali nifungwe nimesimama kuliko kupigiwa makofi nimekaa kwenye kiti cha wageni. Kukaa kwangu mimi ni kwa sababu maalumu.

Wiki chache baadaye klabu yangu ya zamani ikaniandikia. Wanapamba korido la juu kwa picha za wachezaji wao wa zamani. Keith sasa ni mkurugenzi. Picha yangu imeshatengenezwa, fremu nzuri ya mbao, na maelezo chini yake. Wanaomba tu niyakubali. Nikayasoma. Mwishoni waliweka sentensi kwamba baadaye nilijutia tukio la nusu fainali. Nikaifuta, nikaandika juu yake: "Alikaa kwa sababu sakafu ilikuwa imelowa." Nikawarudishia. Keith akanipigia simu, sauti ya upole.

"Rukia, miaka imepita. Ni sentensi moja tu."

"Kama ni moja tu, weka yangu."

Hawakuiweka, wala picha hawakuitundika.

Siku ya uzinduzi nilikwenda kwa sababu ya Dorcas. Tulikwisha kupatana zamani, bila maneno mengi. Siku moja alikuja kwetu na chapati zake, akasema, "Kula, bado nimekukasirikia," ikawa imekwisha. Yeye alialikwa na picha yake ilikuwepo. "Twende tu," akaniambia, "nataka kuona kama wameninenepesha."

Tulipanda ngazi taratibu. Korido lilijaa watu na glasi za juisi. Aneta alikuwepo ukutani, Shanice alikuwepo, na kati yao palikuwa na nafasi tupu yenye skrubu mbili, nikajua ni pangu. Mbele kidogo alikuwepo Dorcas, kijana, ananyoosha mguu wa kulia kupiga mpira, anacheka. Dorcas wa leo akavaa miwani akasoma yaliyoandikwa chini. Yalikuwa mistari mitatu. Wa mwisho ulisema aliacha mchezo kwa hiari yake.

Akausoma tena, kwa sauti.

"Hiari," akasema. Akanigeukia. "Rukia, umesoma? Ati hiari!"

Keith alikuwa akija na mkono wa salamu umetangulia. Dorcas hakuupokea. Aliinua mikono yote miwili, akashika fremu, akaichomoa kutoka kwenye skrubu zake bila kelele yoyote, kama nesi anavyomwondolea mgonjwa bandeji. Keith akasema, "Dorcas, hiyo ni mali ya—"

"Ni goti langu," Dorcas akamjibu.

Akanipa fremu niibebe. Akashika reli, akaanza kushuka, mguu mmoja, kisha mwingine kando yake, ngazi moja, kisha nyingine. Nilimfuata nyuma na picha kifuani. Hakuharakisha, na wageni wote waliokuwa wakipanda wakasimama chini wakangoja mpaka alipomaliza.